Stashahada ya Mama Watoto na Ndoo ya Maji

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika "sisi", kwa kuwa chama si mali ya mtu mmoja. Leo tunaandika habari ya nyumbani kwetu, na bado tutasema "sisi". Tunawaomba wenye mzaha wasitutungie maneno. Mke tunayemtaja ni mmoja, na mume wake ni mmoja, ndiye huyu anayeandika.

Mwezi wa Agosti 2024 mama watoto alivaa joho jeusi na kofia ya pembe nne, akaitwa kwa jina lake mbele ya watu, akapokea stashahada. Shughuli hiyo ilifanyika hapa Dzaleka. Sisi tulikaa kwenye benchi la nyuma na watoto wanne, tukiwa tumevaa shati la kuazima. Elimu yetu ni darasa la sita, ambalo kwetu Kongo ndilo mwisho wa shule ya msingi. Baba yetu alikuwa mkata miwa wa Kiliba, karibu na Uvira, na vita vilipokuja kiwanda kilikufa na shule ikafa nayo. Kwa hiyo katika nyumba yetu sasa msomi ni mwanamke, na mwenye darasa la sita ni mwanamume. Jambo hili limezua maneno mengi, na maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Kwa faida ya wasomaji wa Karonga, wa mashamba ya chai ya Thyolo na Mulanje, na jirani zetu wa upande wa Mbeya ambao hawajafika huku, tueleze kidogo. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mwendo wa kilomita arobaini na kitu. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda hapa palikuwa gereza, na waliofungwa humu wengi wao kosa lao lilikuwa ni kusema. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, kwa ajili ya watu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliokuwa wakikimbia mauaji. Palikusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000, na nyumba za matofali ya udongo zimebanana hata mtu akikohoa kwake jirani humwambia pole. Soko letu ni kubwa kuliko la vijiji vyote vya karibu, na wanawake wa Kichewa huja kuuza nyanya, maharage na mahindi mabichi, nao hurudi na vitenge na mafuta. Tangu mwaka 2014 kuna na tamasha la Tumaini, ambalo watu hutoka hata Lilongwe kuja kucheza ngoma. Basi asidhani mtu kwamba hapa ni mahali pa kulia tu.

Masomo ya juu yalifika Dzaleka mwaka 2010, pale Wajesuiti walipoanzisha mpango wa kusomesha watu kwa kompyuta, walimu wakiwa ng'ambo na wanafunzi wakiwa kambini. Walianza mahali patatu: hapa, Kakuma nchini Kenya, na Aleppo nchini Syria. Wa kwanza wa hapa walihitimu mwaka 2013. Baadaye vyuo vingine navyo vikaja kwa njia hiyo hiyo. Sisi wakati huo tulikuwa tukilima ganyu kwenye mashamba ya tumbaku na kuwaandaa vibarua wenzetu wadai malipo yao, na habari ya kompyuta tuliiona ni ya watoto wa watu wengine. Mama watoto hakuiona hivyo.

Sasa tuje kwenye sherehe.

Ilipojulikana kwamba amefaulu, ndugu na marafiki wa mtaani waliunda kamati. Mwafrika hashindwi kuunda kamati. Mwenyekiti akapatikana, mtunza hazina akapatikana, na daftari la michango likafunguliwa kabla hata mwenye sherehe hajaulizwa anataka nini. Hesabu ya kwanza ilikuwa mbuzi wawili, gunia la mchele, soda za kutosha, na spika za muziki. Tunakiri kwamba sisi ndio tulioshangilia kuliko wote. Tulitaka ijulikane mpaka Dowa Boma kwamba katika nyumba ya mlima ganyu ametoka mtu wa joho.

Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua za 2023 kwenda 2024 zilikatika mahindi yakiwa yanabeba, na mwezi wa Machi 2024 Rais alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za nchi hii. Tena Novemba 2023 thamani ya kwacha ilikuwa imeshushwa kwa asilimia 44 kwa siku moja, hata mtu aliyelala na pesa ya sukari akaamka na pesa ya chumvi. Mbuzi mmoja angeweza kununua gunia la mahindi la kilo 50 na chenji ikabaki. Na waliokuwa na uwezo wa kuchanga walikuwa wamepungua. Shemeji zetu wawili walikuwa na vibanda vya biashara Lilongwe. Mwezi wa Machi 2023 ikatoka amri kwamba kila mkimbizi aliye nje arudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili, na Mei askari wakaanza kuwakusanya waliobaki. Vibanda vikafungwa, mali ikauzwa bei ya kutupa, na wenye mali sasa wanapanga foleni ya unga pamoja na sisi.

Hata hivyo tulipata ruhusa tukaenda Lilongwe kutafuta vitu. Tulipanda matola hadi barabara kuu, tukasimama nyuma ya gari na magunia ya soya na kuku waliofungwa miguu, kisha tukapata minibasi ya kupitia Lumbadzi. Tulishuka kwanza Kanengo, kwenye maghala ya tumbaku, maana hatuwezi kupita pale bila kuonana na wenzetu wa chama. Msimu wa mnada ulikuwa unakwisha, na wanawake waliokuwa wakichambua majani walikuwa wanahesabu siku zilizobaki kabla ya kuambiwa wakae nyumbani mpaka mwakani. Mmoja wao, alipojua safari yetu ni ya nini, aliuliza mke wetu alisoma saa ngapi. Tukasema, "Mchana baada ya kazi, na usiku." Akauliza tena, "Nani alikuwa anapika?" Hatukumjibu vizuri. Tulicheka tukaaga.

Swali hilo tulilibeba mpaka soko kuu la mjini, tukanunua kitenge kimoja na mchele kidogo, tukarudi nalo.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, uwanjani mbele ya nyumba. Kamati ilikuwa imepunguza mbuzi mmoja kwa uchumi, na wa pili mama watoto alimkataa mwenyewe, kwa sababu tutakayoieleza. Tulikula ugali kwa sombe na usipa, na wali kidogo kwa wageni wazee. Jirani zetu wa kijijini walileta thobwa ndoo mbili, nao hawakuwa wamealikwa kwa barua. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wa shule wakaja kuangalia kuna nini. Yeye aliketi na joho lake, hali jua linawaka, hakutaka kulivua. Hatujawahi kumwona akikaa kitako saa tatu mfululizo tangu tumwoe.

Ndipo bwana mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, mfyatua matofali, akatuvuta kando na kutuambia: "Bwana ndugu, umejichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe. Mwanamke akishajua kuliko wewe, utamtuma nini? Kesho atapata mwenye kalamu mfano wake, na wewe utabaki na daftari la chama." Wengine waliokuwa karibu wakatikisa kichwa kukubali. Mzee mmoja wa Kichewa aliyekuwa amekaa pale alicheka sana. Kwao, kwa desturi ya chikamwini, mwanamume ndiye anayehamia kijijini kwa mkewe, na shamba ni la ukoo wa mke. Akasema, "Ninyi watu wa Kongo mnaogopa kufukuzwa katika nyumba. Sisi tumezaliwa tunajua nyumba si yetu, na bado tunaoa."

Ndugu wafanyakazi, maneno ya mfyatua matofali si yake peke yake. Tumeyasikia mashambani, tumeyasikia viwandani, na tumeyasikia kwenye mikutano ya chama, tena kutoka kwa watu wanaojua kusema "usawa" kwa sauti kubwa kuliko sisi. Tunasema maneno hayo ni ya kikabaila. Kabaila naye alikataa mtwana wake asijue kusoma, akihofia atahesabu magunia. Mume anayeogopa mkewe asome ana hofu ile ile: atahesabu.

Na kweli alihesabu. Hapa lazima tuseme ukweli juu yetu wenyewe, maana kama tutawakemea wengine na kujificha sisi, ukurasa huu utakuwa wa unafiki.

Katika mwaka wake wa pili wa masomo, mama watoto alianguka somo moja, akalazimika kulirudia. Wageni kwenye sherehe hawakulijua hilo. Sababu yake ni sisi. Siku ya mtihani mtoto wa mwisho aliamka na homa ya malaria. Sisi tulikuwa na mkutano wa vibarua wa shamba moja ambalo lilikuwa limekata malipo ya wiki mbili. Mama watoto alisimama mlangoni akasema, "Baba Watoto, leo nakuomba ubaki." Tukamwambia watu mia moja wanatungoja, na mtihani ni wa mtu mmoja. Tukaondoka. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, akakaa foleni mpaka saa nane, na alipofika kwenye chumba cha kompyuta wenzake walikuwa wanatoka. Jioni tulirudi tukiimba, maana vibarua walikuwa wamelipwa. Yeye alitupakulia chakula, hakusema neno. Tulikula tukasifu mboga.

Watu mia moja walipata haki yao siku ile, na hatujuti kwa hilo. Tunachojutia ni kwamba haikutupitia akilini kabisa kumtuma katibu wa tawi aende badala yetu. Kwenye chama tunao wa kupokezana. Nyumbani mpokezani alikuwa mmoja tu, na hakuchaguliwa na mtu.

Baada ya siku hiyo tulifanya jambo ambalo tungelifanya kwa kibarua yeyote anayelalamika. Tulichukua daftari tukahesabu saa zake. Kazi hii tunaiweza. Ukitaka kumshinda mwajiri usimpelekee kilio, mpelekee saa. Tulimwandika siku moja, bila yeye kujua, siku ya Jumanne ya kawaida katika mwezi wa kupalilia.

Aliamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye pampu ya maji, mjigo kama wasemavyo wenyeji, kwa sababu ukifika saa kumi na mbili utakuta ndoo mia zimepangwa mbele yako. Ndoo mbili za lita 20, kwa safari mbili. Uji. Kuwaosha watoto na kuwapeleka shule. Kupalilia ganyu kwenye shamba la jirani mpaka saa sita. Kubeba mahindi kwenye mashine ya kusaga. Mkaa ulikuwa umekwisha, akaenda kuutafuta. (Neno hili linatuchekesha: sisi Wakongo twasema makala, Wachewa nao makala, ni Waswahili wa pwani tu wanaotaka mkaa.) Saa nane akaenda kwenye kompyuta mpaka saa kumi na moja. Akapika. Akafua. Akawasimamia watoto masomo yao. Saa tatu usiku, watu wote wamelala, akawasha taa ndogo akasoma mpaka saa tano.

Tulijumlisha mara tatu, tukidhani tumekosea. Kazi saa kumi na nne, masomo saa tano. Mapumziko hatukupata cha kuandika. Kisha kwa haki tukajiandika na sisi: ganyu saa sita, mkutano saa mbili, bao saa tatu. Ndiyo, bao. Hapa Malawi bao lina wenyewe, na sisi tumekuwa miongoni mwao.

Tuliwahi kusimama mbele ya msimamizi wa shamba tukapiga meza kwa sababu aliwafanyisha watu saa kumi bila posho ya ziada. Mshahara wetu, watoto wetu, hata mikutano yetu ya chama ilikuwa inasimama juu ya saa kumi na nne za mtu ambaye hatukuwahi kumwandikia hata dai moja. Tulifunga daftari, na kwa muda wa wiki nzima hatukumwonyesha. Tuliona haya. Alikuja kuliona mwenyewe akitafuta kalamu. Alisoma ukurasa ule, akachukua penseli, akasahihisha: tulikuwa tumesahau kumhesabia alivyoamka usiku mara mbili kumnyonyesha mtoto.

Basi tulipokuwa tunapanga sherehe, na kamati inagombana juu ya mbuzi wa pili, tulimwuliza mhitimu anataka zawadi gani. Tulitegemea atasema kitenge, au viatu, au simu nzuri. Akasema, "Mbuzi mwacheni. Nataka saa mbili. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, Baba Watoto aende yeye kwenye maji." Kamati ilicheka, ikadhani ni utani. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hiyo si zawadi, zawadi ni kitu." Akamjibu kwamba stashahada aliyoipata ndiyo ya kwanza, shahada kamili iko mbele, na yeye hawezi kuisoma akiwa ameshika ndoo.

Hivyo ndivyo mbuzi wa pili alivyopona.

Tulianza Jumatatu iliyofuata. Hatutajisifu, maana mwanamke anafanya jambo hilo miaka thelathini haandikwi gazetini, na mwanamume akilifanya wiki moja anataka picha. Tuseme tu yaliyotokea. Siku ya kwanza wanawake kwenye pampu walinyamaza kimya, kama watu waliopatwa na mgeni msibani. Mama mmoja wa Kirundi akatuuliza kwa upole kama mgonjwa ni mahututi. Siku ya tatu walianza kutucheka, na siku ya tano mmoja alitufundisha kuweka majani juu ya maji yasimwagike. Tuligundua kwamba foleni ya pampu ni mkutano mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuiitisha. Habari za nani hajalipwa, shamba gani linatafuta watu, msimamizi gani anawatongoza wasichana, zote ziko pale saa kumi na moja alfajiri. Miaka kumi na mitano tunaandaa wafanyakazi, hatukuwahi kufika mahali hapo. Halafu tunauliza kwa nini wanawake hawaji kwenye mikutano ya saa kumi jioni.

Sasa kuna upande wa pili, nao ni mchungu, na hapa hatuwezi kumlaumu mume wala mfyatua matofali.

Stashahada iko ndani ya nailoni, juu ya kabati, mbali na panya. Mama watoto anafundisha watoto wadogo hapa hapa kambini. Lakini kile anacholipwa hakiitwi mshahara. Kinaitwa motisha. Mwalimu raia, mwenye darasa kama lake na watoto idadi ile ile, hulipwa mshahara. Mkimbizi hupewa motisha, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara huo. Tumeuliza sababu, tukaambiwa kwamba mkimbizi hupewa chakula na nyumba. Nyumba tulifyatua matofali wenyewe. Chakula, posho yake imepunguzwa kiasi cha kutomaliza mwezi. Na kwa vyovyote vile, tangu lini mwalimu akalipwa kidogo kwa sababu ana pa kulala?

Mzizi wa jambo uko katika sheria. Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi juu ya baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Sheria ya wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye stashahada anaweza kuiona Lilongwe kwa ruhusa ya siku chache, akanunua kitenge, akarudi. Hospitali za Dowa, shule za vijijini, maghala ya Kanengo, wote wanaweza kuwa na haja naye, na yeye ana haja nao, lakini kati yao kuna karatasi.

Hatusemi haya kwa kukosa shukrani. Nchi hii ni maskini, na imepokea watu wakati nchi tajiri zilifunga milango. Ilipokea kama milioni moja ya watu wa Msumbiji kabla ya amani yao ya mwaka 1992, wakati raia wake wenyewe hawakufika milioni kumi. Hakuna Ulaya iliyofanya hivyo. Wala hatusemi mfanyakazi Mmalawi anyang'anywe nafasi. Wapo wenzetu wa chama wenye hofu hiyo, na hofu yao tunaiheshimu, maana kazi ni chache. Lakini tuwaambie kama tunavyowaambia vibarua wa tumbaku: mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi halali hataacha kula. Atafanya kazi ya kujificha, kwa nusu ya bei, na mwajiri atamtumia huyo huyo kuuangusha mshahara wako. Anayeumizwa na motisha si mkimbizi peke yake. Mwalimu raia akidai nyongeza ataambiwa kwamba kuna mwingine anayefundisha kwa robo.

Tena yapo ya kuigwa bila kwenda mbali. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na katika makazi humpa kipande cha kulima. Tanzania mwaka 1972 iliwapokea Warundi, ikawapa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walilima mpaka wakawa wanalisha na wengine, na miaka mingi baadaye wengi wao wakapewa uraia. Kila nchi ina matatizo yake, hata hizo. Lakini shamba lililolimwa linaonekana.

Kwa chama chetu tuna madai mawili, nayo tumeyapeleka kwa katibu wa wilaya kwa maandishi. La kwanza, neno "motisha" liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu, lijadiliwe kama mshahara, maana ni mshahara uliofichwa jina. La pili ni likizo ya masomo yenye malipo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya jambo hili mwaka 1974, ni mkataba namba 140, na majirani zetu Kenya na Tanzania waliuridhia zamani. Katika mikataba yetu ya hali bora za kazi tunadai sabuni, tunadai maziwa ya kutuliza vumbi, tunadai sare. Haijawahi kuandikwa kwamba mwanamke anayechambua tumbaku apewe saa tatu kwa wiki aende kusoma, wala kwamba mwanamume apewe siku moja abaki na mtoto mgonjwa mkewe akiwa na mtihani. Hili la mwisho najua wajumbe watalicheka. Walicheka na kamati ya mbuzi.

Mfyatua matofali bado ni rafiki yetu. Mkewe aliuliza wiki iliyopita fomu za kuomba masomo zinatoka lini, na yeye akaja kwetu amekasirika, akasema tumemharibia nyumba. Tulimkaribisha tukacheza bao, mchezo mmoja tu, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumatatu. Alitaka kujua kama ni kweli kwenye pampu wanacheka sana. Tukamwambia kweli, siku tano za kwanza. Jumatano tulimkuta pale kwenye foleni, amevaa kofia ameivuta mpaka machoni, na ndoo yake ameiweka nyuma ya ndoo yetu. Alhamisi hakuja. Ijumaa alikuja.